ANAYEFAGIA MSIKITI ANALALA WAPI?

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahli zake, masahaba zake na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo:

Ndugu Waislamu, Ijumaa ijayo mtakapoingia msikitini, tazameni chini kabla ya kutazama mimbari. Mazulia yamepigwa brashi, mifereji ya udhu imesafishwa, choo hakinuki, mapipa ya maji yamejaa. Kisha jiulizeni swali moja ambalo sisi wenyewe, tunaojiita walimu, tulichelewa mno kujiuliza: aliyefanya kazi hii amelala wapi usiku wa jana?

Tunao msikiti mmoja tunaoujua vizuri katika Jiji la Dar es Salaam, karibu na soko la Kariakoo. Hatutautaja kwa jina, kwani makusudio yetu ni kunasihi, si kufedhehesha. Msikiti huo ulikuwa na mzee mfagizi, na nyuma ya kibla palikuwa na chumba kimoja alimokaa yeye na aila yake. Ndiye aliyefungua milango kabla ya adhana ya Alfajiri na kuifunga baada ya Isha. Wanawe wawili walisoma katika darasa letu, na mmoja wao alikuwa amefika Juzuu ya ishirini na saba. Msikiti ulipojengwa upya kwa ghorofa, kamati ilihesabu ikaona kwamba chumba kile kikiunganishwa na ua kingetoa fremu mbili za maduka. Fremu zikajengwa, zikapata wapangaji. Mzee akapewa shukrani na nauli, akahamia Chanika, nje kabisa ya mji. Kazi yake akabaki nayo.

Matokeo yake ni haya. Mtu anayeuandaa msikiti kwa ajili ya swala ya Alfajiri, yeye Alfajiri anaiswali kituo cha daladala, juu ya kipande cha boksi, au inamkuta ndani ya gari amesimama. Isha haipati jamaa, kwa kuwa akiisubiri atakosa usafiri. Na wale watoto wawili hawakuonekana tena darasani. Tulipouliza tuliambiwa kwamba huko waliko madrasa ipo mbali, na baba yao harudi nyumbani ila wao wamekwisha kulala. Hapana shaka hakuna aliyekusudia kuwatoa watoto wale katika Qur'ani. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na fremu mbili ndizo zilizowatoa.

MJI UNAOFUKUZA MIKONO YAKE

Jambo hili si la mfagizi mmoja. Yatazameni maghorofa ya Upanga, Kariakoo na Masaki. Mlinzi wa getini, dada wa kazi, mpishi wa hoteli, mama ntilie, mfua nguo, msukuma mkokoteni, mhudumu wa hospitali anayebeba uchafu wa wagonjwa: hao ndio wanaoufanya mji uamke ukiwa safi na ushibe mchana. Jua likizama mji unawatema. Wanarudi Mbagala, Gongo la Mboto, Kivule, Bunju na Chanika, na baadhi yao hufika saa nne za usiku ili waondoke tena saa kumi za alfajiri.

Twende kwenye hesabu, kwani Uislamu haukuchukia hesabu. Chukueni mwaka 2024. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 120,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani wa kawaida asiyelala kwa mwajiri wake. Nauli ya daladala kwa safari isiyozidi kilomita 10 ilipandishwa Desemba 2023 ikawa shilingi 600. Mtumishi apandaye magari mawili kwenda na mawili kurudi alitumia shilingi 2,400 kwa siku, nayo kwa siku 26 za kazi ni shilingi 62,400. Zaidi ya nusu ya ujira wake aliila barabara! Kilichobaki, shilingi 57,600, ndicho cha kodi, chakula, dawa na daftari za watoto. Na mwenye nyumba hataki kodi ya mwezi. Anataka ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye anataka chake.

Wapo wanaodhani kuwa hali hii imeshuka kutoka mbinguni. La, imetengenezwa kwa mikono ya watu. Utawala wa Kijerumani mwaka 1914 uliugawa mji huu kwa kanda za ujenzi, na wazee wetu wakazijua kwa majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Hata hivyo Waingereza waliokuja baada yao, pamoja na dhulma zao, waliona kwamba mji hauendi bila wafanyakazi, wakajenga kota Ilala, Temeke na Magomeni. Baada ya uhuru, mwaka 1962, likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1984 ikatungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, na mwaka 2005 sheria hiyo ikafutwa. Zamani mtu alizuiwa kukaa katikati ya mji kwa rangi yake. Leo anazuiwa kwa mfuko wake. Kizuizi kimebadilika jina tu.

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Kaya 644 zilizoondolewa Magomeni Kota zilisubiri miaka mingi, lakini Machi 2022 zilizinduliwa nyumba 656 mahali pale pale, na wakazi wa zamani wakapewa nafasi ya kwanza. Kumbe ghorofa linaweza kupanda na maskini asifukuzwe. Kinachotakiwa ni nia, na mtu wa kuuliza.

DINI IMESEMAJE?

Katika zama za Mtume (s.a.w.) palikuwa na mwanamke mweusi aliyekuwa akiufagia msikiti wa Madina. Alipofariki, masahaba waliona jambo lake ni dogo, wakamzika bila ya kumjulisha Mtume. Alipomkosa aliuliza habari zake. Alipoelezwa aliwalaumu kwa kutomwambia, akataka aonyeshwe kaburi lake, akaenda akamswalia. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim, na sote tunaisimulia. Tunaisimulia tukisifu unyenyekevu wa Mtume, kisha tunatoka nje tukimpita mfagizi wetu bila hata salamu. Ni wangapi kati yetu wanalijua jina lake?

Na ipo hadithi nyingine katika Bukhari, isiyosomwa sana mimbarini. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia habari za kijakazi aliyeachwa huru, akatuhumiwa kwa wizi akiwa hana hatia, kisha akaja Madina akasilimu. Hakuwa na pa kukaa. Alikaa wapi? Alikuwa na hema yake ndani ya msikiti wa Mtume (s.a.w.). Na Ahlus-Suffa, maskini wa Muhajirina wasiokuwa na ndugu wala mali, walilala wapi kama si chini ya kipaa cha msikiti huo huo? Msikiti bora kuliko yote isipokuwa Makka ulikuwa na pa kumlaza maskini, nao paa lake lilikuwa la makuti ya mtende. Sisi tuna marumaru na viyoyozi, na chumba kimoja kimetushinda!

Tena amepokea Abu Daud kutoka kwa Al-Mustawrid bin Shaddad (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alimruhusu mwenye kuwafanyia Waislamu kazi, ikiwa hana mke apate mke, hana mtumishi apate mtumishi, na hana maskani apate maskani. Atasema msemaji: hiyo ni kwa maamili wa dola. Ni kweli, na hatufichi. Lakini zingatieni maana yake: makazi yamehesabiwa kuwa katika mahitaji ya kazi, sawa na ujira. Na mfagizi wa msikiti ni mfanyakazi wa Waislamu wote, si wa mtu mmoja.

Na katika hadithi ya Abu Dharri (r.a.) Mtume (s.a.w.) amewaita watumishi kuwa ni ndugu zetu, akaamrisha walishwe tulacho na wavishwe tuvaacho, wala wasibebeshwe kazi wasiyoiweza; na ikiwa hapana budi, basi wasaidiwe. Sisi tunasema: saa tano za barabarani kila siku ni sehemu ya mzigo, hata kama mwajiri hazioni. Anayemwajiri mtu kwa saa kumi akajua kwamba ameichukua siku yake yote na nusu ya usiku wake, amechukua asichokilipia.

Ama mafaqihi, Ibn Hazm ameandika katika Al-Muhalla kwamba ni wajibu wa matajiri wa kila mji kuwasimamia mafukara wao, akataja chakula, nguo, na maskani ya kuwakinga na mvua, jua na macho ya wapitao. Na Ibn al-Qayyim katika At-Turuq al-Hukmiyya ameeleza kwamba watu wakilazimika kukaa katika nyumba ya mtu na wasipate pengine, ni juu yake kuwakalisha. Wanavyuoni wakakhitalifiana tu iwapo atachukua kodi ya mfano wake au asichukue kitu. Angalieni khitilafu ilipo: haipo katika kuwapokea, ipo katika kodi.

HOJA ZAO NA MAJIBU YETU

Hoja ya kwanza: husema kwamba Allah ndiye aliyewainua baadhi ya watu daraja juu ya wengine ili wengine wawatumikie, na hutoa ushahidi wa Suratuz-Zukhruf (43:32). Tunajibu: aya hii iliteremka kuwarudi makafiri wa Makka waliotaka Qur'ani iteremshiwe mkubwa wa moja ya miji miwili. Ni karipio kwa wanaopima watu kwa mali, wao wakaifanya ni hati ya kuwadharau wasio na mali! Na neno sukhriyyan lililomo humo wafasiri wengi wamelieleza kwa maana ya kutumikiana: tajiri anamhitaji mlinzi kama mlinzi anavyomhitaji tajiri. Tena wameuacha mwisho wa aya, unaoeleza kuwa rehma ya Mola ni bora kuliko wanavyovikusanya.

Hoja ya pili: husema nyumba ni mali ya mtu, na Mtume (s.a.w.) alikataa kupanga bei. Tunajibu: ni kweli alikataa, pale bei zilipopanda bila ya hila ya mtu. Wanavyuoni waliokuja baadaye wamepambanua baina ya hali hiyo na hali ya watu kubanwa katika jambo wasiloweza kuishi bila yake. Na juu ya hivyo, sisi leo hatuanzi na nyumba zenu. Tunaanza na nyumba za Allah na wakfu wake, ambazo si mali ya mtu yeyote.

Hoja ya tatu, nayo ndiyo nzito: husema msikiti unahitaji mapato, umeme, maji na posho za maimamu vitatoka wapi? Hatuidharau hoja hii, kwani posho zetu wenyewe hutoka humo. Wala hatusemi sharti la mwenye kuweka wakfu livunjwe. Tunasema hivi: mali iliyowekwa kwa maslahi ya msikiti, anayeusafisha msikiti yumo katika maslahi hayo kabla ya rangi ya kuta. Kati ya vyumba kumi, kimoja kikikaliwa na mfagizi kwa kodi ndogo au bila kodi, wakfu haukupotea. Umefika mahali pake. Wazee wetu wa Zanzibar waliyajua haya. Katika Mji Mkongwe nyumba nyingi zilikuwa za wakfu, na wanyonge wengi walikaa humo kwa kodi ndogo, mlango kwa mlango na wenye mali, wakiswali safu moja. Hawakungoja kufundishwa na mtu kwamba maskini naye ni jirani.

TUNATAKA NINI?

Kwanza, kila kamati ya msikiti yenye fremu au vyumba vya kupangisha iwasomee waumini hesabu yake, na itenge walau chumba kimoja kwa mfanyakazi wa msikiti na aila yake kabla ya kutafuta mpangaji.

Pili, anayeweka wakfu mpya, au anayejenga ghorofa kwa nia ya sadaka yenye kuendelea, aandike katika wasia wake kwamba sehemu ya vyumba ni ya wafanyakazi wa kipato kidogo wa mtaa huo, kwa kodi ya mwezi kwa mwezi.

Tatu, kila mwenye nyumba Mwislamu amuogope Allah katika kodi ya mwaka mzima anayomdai mlinzi au mfagizi. Mtu analipwa mshahara kwa mwezi. Kwa nini adaiwe ya miezi kumi na miwili?

Nne, mwajiri asiyeweza kumpatia mtumishi wake makazi ya karibu amwongezee nauli, na amruhusu mapema awahi jamaa na wanawe.

Nasi walimu tuna dhambi yetu. Tumefundisha mlango wa ijara miaka mingi, tukiirabu matini yake neno kwa neno, na hatukuwahi kumuuliza mzee yule analala wapi mpaka wanawe walipokosekana darasani. Tunaomba maghfira, na tumekwisha ifikishia kamati barua. Jibu lake, likija, tutalichapisha katika kurasa hizi, liwe zuri au baya.

Tunamuomba Allah (s.w.) azilainishe nyoyo zetu, aturuzuku ikhlasi katika kauli na vitendo, na asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaoijenga misikiti kwa mawe na kuibomoa kwa dhulma. Amin.

Wabillahi Tawfiq.