Pikipiki ya mkataba, deni la nani?

Mimi wiki hii sina raha, na mfukoni ndiyo usiseme. Nimetoka Ruangwa juzi kukomboa pikipiki ambayo si yangu, iliyoegeshwa na mtu ambaye si mimi, kwa deni ambalo mpaka leo sijui niliingiaje. Kaa vizuri nikupe mkanda mzima.

Mwaka jana mama mdogo wangu hapa Nachingwea alipata vijisenti vya korosho. Akaniuliza, mwanangu, hizi hela nizifanyie nini zisiyeyuke? Mimi nikajifanya mshauri mkubwa. Nikamwambia anunue pikipiki ampe kijana kwa mkataba: alete 8,000 kila siku ya kazi kwa miezi 14, ikiisha chombo kiwe chake. Kijana nikamtafuta mwenyewe, mshkaji wangu tangu sekondari, mpole, hanywi. Mkataba tukauandika kwenye karatasi ya daftari. Oili ya nani, tairi la nani, ikiibiwa inakuwaje, yote tuliandika. Chini nikasaini mimi kama mdhamini, kwa mbwembwe kabisa, kama waziri anayesaini msaada wa wafadhili!

Miezi ya kwanza mambo bomba. Ukaja msimu wa korosho. Anayezijua huku kwetu anaelewa: minada ya RUNALI, ule ushirika wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, ikianza na wakulima wakilipwa, bodaboda hapumziki. Mshkaji akahamia Ruangwa kufuata abiria. Usiku akawa analaza pikipiki kwenye uwanja wa mzee mmoja, wenye ukuta na mlinzi, 1,000 kwa usiku. Walikubaliana kwa mdomo tu: nitakulipa nikikusanya. Halafu malaria ikamlaza siku 12. Hesabu haiji, pikipiki imelala uwanjani, na kila jua likizama 1,000 inaongezeka.

Mama mdogo akaniita. Hakupiga kelele, na hicho ndicho kilichoniumiza. Alisema, "Mwanangu, 96,000 za siku 12 sijaziona, na ile ndiyo ada ya mdogo wako. Wewe ndiye uliyemleta."

Kesho yake asubuhi nikapanda gari kwenda Ruangwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mjukuu wangu. Umeleta 26,000?"

Nikamweleza kwamba chombo ni cha mama mdogo, na yeye hajawahi kukanyaga uwanja huu. Mzee akatikisa kichwa. "Mimi mama yako mdogo simjui. Namjua aliyenikabidhi funguo."

Nikashangilia moyoni. Nimemkamata! "Basi mzee wangu, mdai huyo huyo."

"Namdai huyo huyo," akasema taratibu. "Ila pikipiki haitoki."

Vijana waliokaa pale getini wakacheka mpaka mmoja akaangusha kikombe cha kahawa. Nami nikabaki nimeduwaa, maana ukitazama vizuri, mzee hakuwa amekosea sana. Kwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano ya mdomo nayo yanaweza kuwa mkataba, si lazima kuwe na muhuri. Aliyekubaliana na mzee ni mshkaji. Mama mdogo hakukubaliana na mtu yeyote. Kwa hiyo deni la kulaza ni la dereva. Lakini ndani ya ule ukuta kuna mali ya mama mdogo, na kila siku inayokaa mle anakosa 8,000 yake. Deni la mmoja, hasara ya mwingine!

Usichanganye hilo na madeni ya serikali, msomaji. Ushuru wa maegesho ya barabarani huandikwa kwa namba ya gari. Faini ya trafiki nayo ukiitafuta kwa namba ya usajili unaikuta imekaa inakusubiri. Bajeti ya mwaka 2021/22 ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja, lakini 10,000 tano ambazo dereva hakukuambia ni 50,000, na siku ukitaka kuuza chombo ndipo utakapozikuta. Unalipa kwanza, kisha unaanza kumtafuta dereva.

Na si sisi tu tunaohangaika na kitu hiki. Kule England na Wales walitunga sheria mwaka 2012 inayogusa maegesho ya watu binafsi. Kampuni inayokodisha magari ikiandikiwa deni ambalo mteja wake ameliacha kwenye uwanja wa mtu, inapewa siku 28 kupeleka nakala ya mkataba wa kukodisha, pamoja na karatasi aliyosaini mteja kwamba gharama za namna hiyo atazibeba yeye. Ikipeleka, deni linahamia kwa aliyekodi. Isipopeleka, inaweza kubanwa yenyewe. Umeona? Hata majuu kinachomwokoa mwenye gari ni karatasi.

Karatasi yetu ilikuwa na tairi na oili. Kulaza, ushuru na faini hatukuviandika hata kwa penseli. Aliyekuwepo na jina lake limesainiwa ni mdhamini. Yaani mimi!

Basi nikatoa 20,000, akiba yangu ya viatu. Mzee akanisamehe 6,000 kwa ajili ya ule ugonjwa, nikamwomba aniandikie kwamba deni limekwisha. Nikaenda kumwona mshkaji. Amekonda. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Nilikuwa naogopa kukupigia." Hasira zote zikaniishia.

Jioni tuliporudi Nachingwea tukakaa watatu kwa mama mdogo, tukaandika upya. Kulaza ni kwa dereva, na analipa kila asubuhi, hakuna kulimbikiza. Faini na ushuru ni vya dereva, na kila Jumapili namba inaangaliwa mbele ya wote. Akiugua anatoa taarifa siku hiyo hiyo, chombo kinarudi nyumbani, na hesabu inasimama mpaka apone. Hicho cha mwisho alikitaka mama mdogo mwenyewe. Zile 96,000 akazisogeza mwisho wa mkataba, na mshkaji ananirudishia 1,000 kwa siku. Mpaka naandika hapa nimepokea tatu.

Kwa hiyo wewe unayetaka kutoa chombo kwa mkataba, na wewe unayetaka kukichukua, ulizaneni mapema: kikilala nje, nani analipa? Na wewe mwenye kalamu ya kudhamini washkaji, isome kwanza hiyo karatasi.

Tukutane wiki ijayo, kama viatu vitakuwa bado vinanifikisha.