Dalali wa Bei Nafuu Atakuokoa?

Siku hizi si ajabu kumkuta mwalimu hapa Lurambi akinunua na kuuza hisa za Soko la Nairobi kwa simu yake. Jambo hilo si baya. Hata hivyo, swali ambalo wengi huanza nalo, yaani dalali yupi hutoza ada ndogo, ndilo lingestahili kuulizwa mwisho.

Historia ni shahidi. Mwaka 2007 kampuni ya udalali ya Francis Thuo ilisimamishwa. Mwaka 2008 ikafuata Nyaga. Fidia waliyopata wateja wa Nyaga haikuzidi shilingi 50,000 kwa kila mmoja. Aliyepoteza zaidi ya hapo alibaki kushika tama. Basi kwanza tuulize: je, dalali huyu ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji?

Pili, tupige hesabu. Tuseme dalali anatoza shilingi 2 kwa kila 100. Ukinunua hisa za shilingi 10,000 na kuziuza kwa bei ile ile, umepoteza 400. Rudia mara kumi, zimekwenda 4,000. Dalali wa nusu ada atakupunguzia hasara hadi 2,000. Lakini anayenunua mara moja na kutulia atalipa 200 tu.

Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukikomba pia. Wanaohimiza biashara ya kila siku ni wale wanaolipwa kwa kila biashara. Mwalimu na mwanafunzi wasisahau hilo.