Maoni: Nahodha akigeuza boti, tusimlazimishe kuendelea

Kila msimu wa mvua malalamiko ni yale yale. Familia imelipa matembezi ya siku moja kutoka Goma hadi Idjwi, chakula kimetayarishwa, watoto wamevaa vizuri. Katikati ya ziwa upepo unavuma, nahodha anageuza boti. Abiria wanapaza sauti: "Tumelipa, tufikishe!"

Abiria hao wana haki ya kudai pesa yao. Hawana haki ya kumlazimisha mtu wa usukani kupigana na mawimbi.

Hata meli kubwa za matembezi, zenye kubeba maelfu ya watalii, zinaruka bandari. Mahali ambapo maji ya ufukoni hayana kina cha kutosha, meli inatia nanga mbali, na abiria wanashushwa kwa boti ndogo. Mawimbi yakipanda, boti na meli zinagongana, na anayevuka anaweza kuanguka ama kubanwa katikati. Kwa hiyo kazi hiyo ndiyo husimamishwa kwanza. Mkataba wa tiketi unampa nahodha ruhusa hiyo, na mara nyingi abiria anarudishiwa tu ushuru wa bandari ile.

Tena, kuruka kituo hakutoshi kama safari yenyewe ni ya hatari. Machi 2019, meli Viking Sky iliacha kusimama Bodø, nchini Norwe, kwa sababu ya dhoruba, lakini ikaendelea na njia. Tarehe 23, injini zikazimika karibu na miamba ya Hustadvika. Ndani kulikuwa na watu 1,373. Wachunguzi walieleza kwamba mafuta ya kulainisha injini yalikuwa chini ya kiwango, na meli ilipoyumba sana injini zikayakosa. Helikopta ziliondoa watu karibu 480, mmoja mmoja, kwa kamba.

Norwe walikuwa na helikopta. Sisi juu ya ziwa Kivu tuna nini?

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi ilizama mbele ya bandari ya Kituku ikitoka Minova, watu wakitazama kutoka ufukoni. Gavana wa Kivu ya Kusini alisema ilibeba watu 278. Hao hawakuwa watalii. Vita ilikuwa imefunga barabara, na maji yakabaki njia yao. Boti iliyojaa kupita kiasi haihitaji dhoruba ili ipinduke: wimbi dogo linatosha. Tangu Aprili 2019, kisha ajali nyingine ya ziwa hilo hilo, Raisi Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jile ya kuokoa. Agizo bila mtu wa kulisimamia pale gatini haliokoi mtu.

Wengine watasema hali ya hewa ni kisingizio cha wenye boti kula pesa za watu. Wapo wanaofanya hivyo, na dawa yake si kuingia majini kwa nguvu. Sheria ya pesa ijulikane mbele ya safari. Tiketi iandike kwa Kiswahili kinachoeleweka: boti isipoondoka, abiria anarudishiwa pesa yote ama anachagua siku nyingine, ikigeuka njiani, anarudishiwa sehemu, na sehemu hiyo itajwe. Abiria mwenye uhakika wa pesa yake hatamsukuma nahodha.

Mwenye boti naye asimkate nahodha malipo ya siku kwa sababu amerudi. Nahodha anayelipwa akifika tu atafika hata pale ambapo hakupaswa kuondoka. Na wakuu wa bandari watangaze kila asubuhi hali ya ziwa, wahesabu abiria, wakague jile, wawe na uwezo wa kusema "leo hakuna kuondoka" bila kupigiwa simu na mkubwa yeyote.

Sisi abiria tuna sehemu yetu. Kabla ya kulipa, tuulize: upepo ukivuma, itakuwaje? Asiyekuwa na jibu, tusipande boti yake. Idjwi haihami. Tusipoiona leo, tutaikuta pale pale siku ziwa likitulia.