Senta Hakomai kwa Mkataba Mfupi

Jioni mechi ya mwisho ikishakwisha kwenye uwanja wa kikapu wa Mirongo, Mwanza, kinachoanza ni ubishi. Vijana wanafungua raba, wazee wa mchezo wanavuta mabenchi, na mada mbili zinarudi kila mara. Ya kwanza ni Hasheem Thabeet, Mtanzania aliyecheza NBA, ligi ya kikapu ya Marekani: alishindwa mwenyewe, au aliachwa njiani? Ya pili ni fedha za NBA.

"Braza, mtu analipwa mamilioni ya dola, anagoma nini?"

"Dogo, hakugoma. Alifungiwa geti."

Mabishano hayo huendeshwa kama mambo mawili yasiyohusiana. Moja linaitwa la ufundi, jingine la fedha. Ukweli ni kwamba ni jambo moja. Mchezaji wa posti, yule mrefu anayefanya kazi chini ya ringi akiwa ameipa mgongo, ndiye mwenye fani inayochukua muda mrefu kuliko zote kukomaa, na muda huo hugawiwa na mkataba. Shabiki anayependa senta mzuri hana budi kufuatilia pia ugomvi wa ajira.

Tuanze na geti. Julai 1, 2011, mkataba wa hali bora kati ya NBA na chama cha wachezaji ulipokwisha, wamiliki wa timu waliwafungia wachezaji nje. Mishahara ikasimama. Mchezaji hakuruhusiwa kukanyaga gimu ya timu yake, wala kocha hakuruhusiwa kumpigia simu. Hali hiyo ilidumu siku 161, hadi Desemba 8. Msimu ulianza siku ya Krismasi, ukiwa umekatwa kutoka mechi 82 hadi 66 kwa kila timu.

Kiini cha ugomvi kilikuwa mgawo. Kwa mkataba wa zamani wachezaji walichukua asilimia 57 ya mapato ya mpira wa kikapu. Wamiliki, chini ya kamishna David Stern, walidai ligi inaendeshwa kwa hasara ya mamia ya mamilioni ya dola kwa mwaka. Wachezaji waliongozwa na Billy Hunter, mtendaji mkuu wa chama chao, pamoja na Derek Fisher, rais wake. Mwisho wa mvutano sehemu yao ilishuka hadi kati ya asilimia 49 na 51. Anayesema wachezaji walikuwa na uroho aanze na hesabu hiyo: ni wao walioondoka mezani na kidogo kuliko walichokuja nacho.

Wala haya si mambo ya Marekani peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatambua haki ya mfanyakazi kugoma, na pia inatambua haki ya mwajiri kufungia wafanyakazi nje, kila upande kwa masharti yake, ikiwemo kupitia usuluhishi na kutoa notisi ya saa 48. Kijana wa Mwanza anayekata minofu ya sangara kiwandani na nyota wa Los Angeles wanatofautiana sana kwa mshahara. Swali lao mbele ya mwajiri, hata hivyo, ni lile lile: kilichopatikana kinagawanywaje, na nani mwenye ufunguo wa geti?

Sasa turudi chini ya ringi.

Watu wengi hudhani kucheza posti ni kuwa mrefu tu. Februari 16, 2009, siku Thabeet alipotimiza miaka 22, chuo chake cha Connecticut kilikuwa namba moja Marekani na kilicheza na Pittsburgh. Aliyemkabili alikuwa DeJuan Blair, kijana wa takriban mita 2 dhidi ya Mtanzania wa mita 2.21. Katika patashika moja wakigombea mpira, mikono yao ilinasana, na Blair, aliyekuwa ameinama chini yake, akamrusha Thabeet juu ya bega lake hadi sakafuni. Blair alimaliza mechi na pointi 22 na ribaundi 23, na Pittsburgh ikashinda 76 kwa 68. Mrefu alikuwa juu, lakini mfupi ndiye aliyekuwa amekaa vizuri: magoti yamekunjwa, makalio yamemsukuma mpinzani, miguu imetanuka. Posti inachezwa kuanzia kiunoni kwenda chini. Mikono hufika baadaye.

Mwenye kutaka ushahidi mzuri zaidi amtazame Hakeem Olajuwon wa Lagos kwenye fainali za Kanda ya Magharibi za mwaka 1995, alipokutana na David Robinson, mchezaji bora wa msimu ule. Olajuwon anapokea mpira akiwa ameipa ringi mgongo. Bega linakwenda kushoto, Robinson naye anakwenda kushoto. Mguu mmoja umebaki palepale kama umechomelewa sakafuni, mwingine unazunguka, mpira unapanda kana kwamba anafunga, na Robinson anaruka. Olajuwon bado yuko chini. Anavuta hatua, anapita kwapani mwa mtu aliye hewani, anaweka mpira kwenye ubao. Houston ilitwaa ubingwa mwaka huo kama ilivyofanya 1994.

Olajuwon alikuwa golikipa wa mpira wa miguu na mchezaji wa mpira wa mikono kabla ya kushika kikapu akiwa kijana wa miaka 15 hivi. Alipofika Chuo Kikuu cha Houston mwaka 1980, alikaa msimu mzima bila kucheza mechi. Majira ya joto alikwenda kwenye ukumbi wa Fonde na kugongana mabega na Moses Malone, aliyekuwa senta bora wa zama zile. Aliingia NBA mwaka 1984, na ubingwa wake wa kwanza ukaja miaka kumi baadaye. Hakuna aliyemwambia afanye haraka.

Thabeet naye alianza kikapu akiwa na miaka kama 15, alipokuwa kijana wa Dar es Salaam. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies ilimchagua wa pili, nyuma ya Blake Griffin, mbele ya James Harden na Stephen Curry. Hapo ndipo kicheko cha Mirongo huanza, kwa sababu kila mtu anajua Curry alifika wapi. Lakini hebu tufuate kalenda. Februari 2010, kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, Memphis ilimshusha ligi ya maendeleo. Kabla yake hakuna aliyewahi kuchaguliwa juu kiasi hicho kisha akapelekwa huko. Februari 2011 ilimuuza Houston. Miezi minne hivi baadaye geti likafungwa. Ligi ya majira ya joto, ambako vijana hucheza dakika nyingi bila presha ya msimamo, ilifutwa mwaka huo. Maandalizi ya msimu yakabanwa ndani ya siku chache na mechi mbili za majaribio. Machi 2012 akauzwa tena, Portland. Baada ya hapo Oklahoma City, kisha safari iliyomfikisha Japani na Taiwan.

Itakuwa uongo kusema kufungiwa nje kulimharibia Thabeet maisha yake yote ya mpira. Miguu yake ilikuwa mizito, mikono haikushika pasi ngumu, na mchezo wenyewe ulikuwa unahamia kwenye pointi tatu. Hata hivyo, majira ya joto aliyoyahitaji kuliko yote, ya kuanza upya na makocha wapya, yalipita akiwa nje ya gimu. Wachezaji wengi wa nafasi nyingine walipona kipindi kile kwa kutupa mipira peke yao kwenye viwanja vya mtaani. Senta hawezi kujifunza peke yake, kwa maana kazi yake nzima ni kusoma mwili wa mtu mwingine uliomgandamiza mgongoni.

Mlinganishe na Joel Embiid wa Cameroon, ambaye naye alichelewa kuanza kikapu na alijifunza kwa kutazama video za Olajuwon. Philadelphia ilimchagua wa tatu mwaka 2014. Kwa sababu ya mguu hakucheza mechi hata moja kwa misimu miwili. Timu ilimlipa, ikamsubiri, na mwaka 2023 akawa mchezaji bora wa ligi. Embiid ana kipaji kikubwa kuliko Thabeet, hilo halina ubishi. Ila pia alipewa muda ambao Thabeet hakuupata.

Wachezaji warefu wenyewe walielewa mapema kwamba hatima yao huamuliwa mezani. Januari 14, 1964, mjini Boston, wachezaji wa mechi ya nyota, Bill Russell na Wilt Chamberlain wakiwemo, walikataa kutoka chumba cha kubadilishia nguo huku televisheni ikisubiri, mpaka mkuu wa ligi Walter Kennedy alipoahidi mpango wa pensheni. Dakika chache za ukaidi zilizaa haki inayolisha wazee wengi leo.

Haikuwafikia wote sawasawa. George Mikan, senta wa kwanza kutawala ligi, aliyefanya NBA ipanue eneo la chini ya ringi mwaka 1951 ili kumpunguzia makali, alikuwa amestaafu kabla ya hapo. Uzeeni alikatwa mguu kwa kisukari na figo zikashindwa kazi. Alitumia miaka yake ya mwisho kudai pensheni bora kwa waliocheza kabla ya 1965. Yake ilikuwa takriban dola 1,700 kwa mwezi. Alifariki Juni 1, 2005, na gharama za mazishi akazibeba Shaquille O'Neal, senta mwenzake wa kizazi kingine.

Wapo watakaosema hizo ni hadithi za zamani, mchezaji wa leo ni tajiri na hahitaji huruma. Patrick Ewing, senta wa New York na rais wa chama cha wachezaji wakati wa kufungiwa nje kwa mwaka 1998, alichekwa dunia nzima aliposema wachezaji wanapata fedha nyingi lakini pia wanatumia nyingi. Kicheko kile alikistahili. Lakini kauli mbaya ya tajiri mmoja haibadilishi ukweli kwamba anayeumia kwenye ugomvi wa ajira ni wa mwisho kwenye benchi, mwenye mkataba wa mwaka mmoja na goti moja zima.

Na si wote ni matajiri. A'ja Wilson wa Las Vegas, fundi wa posti kuliko wanaume wengi, ametwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya wanawake mara nne. Mwaka 2025 mshahara wa juu kabisa katika ligi hiyo haukufika dola 250,000. Julai ya mwaka huo, kwenye mechi ya nyota mjini Indianapolis, wachezaji walipasha misuli wakiwa na fulana zenye ujumbe mmoja kwa wamiliki: tulipeni tunachowadai.

Kisa kilicho karibu zaidi na watu wa ukanda wa maziwa ni cha Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi. Msimu wa 2021/22 akiwa chuo cha Kentucky alikusanya wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi na kutangazwa mchezaji bora wa vyuo Marekani. Wenzake walikuwa wameanza kuruhusiwa kuuza majina yao kwenye matangazo. Yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi isiyomruhusu kufanya kazi, hivyo timu ilipokwenda Bahamas mwaka 2022 akafanyia matangazo yake huko, nje ya mipaka ya Marekani. Mwaka 2023 hakuna timu ya NBA iliyomchagua. Aliingia kwa mkataba wa pande mbili, ule unaomweka mchezaji mguu mmoja NBA na mwingine ligi ya chini, ulioanzishwa na makubaliano ya ajira ya 2017. Bila kipengele kile kilichopiganiwa mezani, mfalme wa ribaundi pengine angekuwa anatafuta timu mbali na Marekani.

Mkataba wa sasa wa NBA ulianza 2023 na unafika msimu wa 2029/30, na kila upande unaweza kujitoa mwaka mmoja kabla. Ugomvi ujao una tarehe inayojulikana. Mashabiki wanaoamka saa tisa na nusu usiku kuangalia mechi wana muda wa kutosha kujua nani anadai nini.

Lakini Mirongo haina sababu ya kusubiri 2029. Ligi ya Afrika ya BAL imekuwepo tangu 2021, na vijana warefu wa Mwanza wanaweza kuitwa siku yoyote na klabu ya Dar es Salaam, Kigali au Nairobi. Wengi hawajawahi kushika mkataba ulioandikwa. Klabu iandike muda wa mkataba, malipo, na nani atalipia matibabu mchezaji akiumia goti. Shirikisho la Mpira wa Kikapu Tanzania (TBF) lisimamie hilo kwa kila mchezaji anayesajiliwa. Wachezaji nao waunde chombo chao, kama wenzao wa soka walivyo na SPUTANZA, ili siku ya kudai wasimame pamoja.

Makocha, kwa upande wao, wasimpe kijana mrefu wa miaka 14 kazi ya kusimama chini ya ringi na kunyanyua mikono. Wamfundishe zoezi linalobeba jina la Mikan: kufunga upande wa kulia, kudaka mpira kabla haujagusa chini, kufunga upande wa kushoto, bila kusimama. Linahitaji mpira mmoja na ringi moja tu. Na wazazi, klabu na mashabiki wampe miaka mitano kabla ya kumwita gogo.