Usingoje uitwe 'waalan' ndipo utafute msaada

Kijana mwenzangu wa Garissa, leo tuambiane ukweli. Mtu akivunjika mguu pale Soko Mugdi, watu kumi watambeba hadi hospitalini. Akikosa usingizi wiki tatu, akiacha kula, akijifungia chumbani, tunamwambia ajikaze. Akizidiwa kabisa tunamwita waalan, mwendawazimu, na jamaa zake wanaanza kumficha.

Na usiniambie haya ni mambo ya wazungu. Kisomali tuna neno buufis. Kule Dadaab lilitumika kwa ile hamu ya kuhamia ng'ambo inayomla mtu hadi hawezi kufanya lolote, na wengine hulitumia kwa msongo wa mawazo wenyewe. Jina tunalo. Tunachokosa ni kujua mahali pa kupeleka mzigo.

Mimi wangu niliukalia. Nilipoacha chuo niliwaambia watu ni karo. Kweli karo ilikuwa shida, lakini kabla ya hapo kulikuwa na miezi ambayo hata kuamka kitandani ilikuwa kazi. Nikapigia kliniki moja ya kibinafsi Nairobi, nikaambiwa elfu nne kwa saa moja. Nikakata simu, nikaamini ushauri nasaha ni wa matajiri. Hapo ndipo nilipokosea.

Kuna msaada usiohitaji pesa. Piga 1199, laini ya Msalaba Mwekundu. Haikukati kredo, na utaongea na mshauri nasaha. Kama uko chini ya miaka 18, au una mdogo wako anayeteseka, piga 116, pia bure. Befrienders Kenya wako 0722 178 177, na kazi yao ni kumsikiliza mtu aliyefika mwisho.

Ukitaka kuonana na mtu ana kwa ana, anzia zahanati au kituo cha afya cha serikali kilicho karibu nawe. Ukiwa umejisajili SHA, kumuona mhudumu pale kunapaswa kuwa bure, na anaweza kukuandikia barua ya kwenda hospitali ya rufaa ya kaunti. Usiseme tu "kichwa kinauma". Sema silali, sili, naogopa, sioni haja ya kesho. Asipoambiwa, atakupa Panadol urudi nyumbani.

Labda unaogopa polisi. Kwa miaka mingi sheria ilihesabu kujaribu kujitoa uhai kuwa kosa, na watu walinyamaza. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakiuka Katiba. Mwambie daktari ukweli. Wewe ni mgonjwa, si mhalifu.

Labda nyumbani wamekupeleka kwa sheikh usomewe Qurani. Vizuri, inatuliza moyo. Lakini Mtume mwenyewe alihimiza watu watafute tiba. Dua na daktari haviwanii nafasi.

Sasa niseme na wakubwa wetu wa kaunti. Aprili 2, 2015, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi wa rika letu. Walionusurika walipelekwa Nairobi, na jamaa zao waliokusanyika Nyayo Stadium walikutana na washauri nasaha. Sisi tuliokuwa watoto mjini, tuliosikia milio ya risasi tangu alfajiri, tulirudi shule. Mtaani kwetu hakuna aliyetuuliza tunalalaje. Leo sisi ndio vijana mnaotulaumu kwa kukesha tukitafuna miraa.

Kwa hivyo tunaomba kitu kimoja: mshauri nasaha anayeongea Kisomali katika kila kaunti ndogo, si Garissa mjini tu. Mama wa Hulugho hawezi kueleza huzuni yake kupitia mkalimani ambaye ni binamu ya mumewe.

Nawe usingoje hayo yatimie. Ukiona rafiki yako ameacha kuja kibandani kunywa chai, mfuate. Usimhubirie. Muulize, "Unalala?" kisha nyamaza umsikilize. Akisema hapana, pigeni ile 1199 pamoja, simu ikiwa mezani katikati yenu. Akikwambia hataki kuishi tena, usimwache peke yake hata dakika moja; mwende hospitalini usiku huo huo.