Aliyepandishwa Ndiye Anayeendesha

Na Zuhura Mbaga

Lis Hartel hakuweza kupanda farasi wake bila kuinuliwa. Mwanamke huyu wa Denmark aliugua polio mwaka 1944, akiwa na miaka 23 na mjamzito. Alijifungua salama, akajifunza upya kutembea kwa magongo, lakini kuanzia magotini kwenda chini nguvu haikurudi. Kwenye Olimpiki ya Helsinki mwaka 1952 walimpandisha juu ya farasi wake, Jubilee, akaingia uwanjani, akatoka na medali ya fedha. Ilikuwa mara ya kwanza wanawake kuruhusiwa kushindana katika dresaji, mchezo ambao hadi hapo ulikuwa wa maofisa wa jeshi, wanaume watupu. Bingwa mwenyewe, Henri Saint Cyr wa Sweden, ndiye aliyemsaidia kupanda jukwaani. Miaka minne baadaye Hartel alitwaa fedha tena.

Dresaji si mbio. Farasi hupiga hatua zilizopangwa, hugeuka, husimama, na mwendeshaji humwelekeza zaidi kwa miguu: kumbana kidogo hapa, kumgusa pale. Hartel hakuwa na miguu ya kumwelekezea, hivyo Jubilee ilibidi azoee kusikiliza mgongo na uzito wa mwili wake. Hiyo ni kazi ya akili na subira ya miaka, na katika wote waliomwinua hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumfanyia.

Ushindi huo uliwafungua wengi macho huko Ulaya kwamba mgongo wa farasi unaweza pia kuwa mahali pa tiba. Uingereza, kwa mfano, ilipata chama cha kitaifa cha kuwapandisha farasi watu wenye ulemavu mwaka 1969. Farasi anapotembea polepole, humchezesha aliyempanda mbele na nyuma, juu na chini, kushoto na kulia, na nyonga za mpandaji hucheza karibu sawasawa na za mtu anayetembea kwa miguu yake. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo ambaye mapaja yake yamekaza hukaa ametanua miguu juu ya mnyama mwenye joto, na taratibu misuli hulegea. Wakati huohuo kiwiliwili chake hakipumziki, maana kila hatua inakitaka kijiweke sawa. Mazoezi haya hayaponyi mtindio wa ubongo, na mzazi akiambiwa yanaponya, asitoe hata senti moja. Faida yake ni kukaa wima vizuri zaidi, na kwa watoto wengi ni hamu ya kurudi tena, jambo ambalo chumba cha fiziotherapia hakilipati kirahisi.

Mimi, hata hivyo, nawatazama zaidi watu wanaomzunguka huyo farasi. Mara nyingi mtoto mmoja huwa na watu wazima watatu: mmoja mbele ameshika kamba, wawili wanatembea ubavuni mikono ikiwa tayari. Pembeni kuna jukwaa lenye mteremko, kiti mwendo kikifika juu kinakuwa kimo kimoja na tandiko. Wote hao wapo ili mtoto afanye kazi yake mwenyewe, na kadiri anavyoimarika ndivyo mikono inavyorudi nyuma.

Kwenye Paralimpiki, ambako dresaji imekuwepo tangu mwaka 1996, msaada umeandikwa ndani ya kanuni. Mwenye vidole dhaifu huruhusiwa vitanzi kwenye hatamu. Asiyeona huwekewa watu kandokando ya uwanja wanaomwitia herufi za alama za uwanja ili ajue alipofika. Bettina Eistel wa Ujerumani, aliyezaliwa bila mikono, aliendesha kwa hatamu alizozishika kwa miguu na mdomo, akapata medali Athens mwaka 2004.

Kwetu farasi ni wachache. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, umewazuia kuenea katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na matunzo yao ni ghali. Siombi kila wilaya ijengewe zizi. Ninachoomba ni ule utaratibu wa kumsaidia mtu bila kumnyang'anya uendeshaji, kwa sababu hapa nyumbani msaada unageuzwa kuwa ushahidi dhidi ya anayesaidiwa. Mwombaji kazi anafika kwenye usaili akisukumwa na mdogo wake, na maswali yote anaulizwa mdogo wake. Mtoto anayehitaji kushikwa mkono kwenda chooni anaambiwa shule hii haimfai, kana kwamba hesabu atazifanyia chooni. Huwa naumia, na nadhani kila mzazi mwenye mtoto wa namna hii ananielewa.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania, ya mwaka 2010, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia tatu. Asilimia hiyo haiwezi kupatikana ikiwa anayesukumwa hadi mlangoni amekwisha kuhesabiwa hawezi kabla hajafungua mdomo. Wenye kampuni wanaopanga bajeti ya mwaka waweke humo fungu la mteremko wa mlangoni na la mshahara wa msaidizi, kama wanavyoweka la umeme. Na anayetafuta mhasibu amgeukie mwombaji mwenyewe, amuulize juu ya hesabu, kisha amuulize anahitaji meza ya kimo gani.