Mzuka wa mchezo na mzuka wa uvumi



Watoto wengi wanamjua Gengar, mzuka wa zambarau wa michezo ya Pokémon iliyoanzia Japani mwaka 1996. Hujificha ndani ya kivuli cha mtu. Wazazi huogopa. Lakini mtoto akizima simu, Gengar ametoweka. Mzuka wetu sisi wakubwa tunauzimaje?

Mwaka 1995 uvumi wa popobawa uliitikisa Pemba, kisha Unguja. Watu walikesha nje kwa makundi wakiwasha moto. Mgonjwa mmoja wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye popobawa. Mwaka 2007 uvumi huohuo ukavuma hapa Dar es Salaam. Popobawa hajawahi kukamatwa. Mikono iliyoua ilikuwa ya watu.

Hata leo pale Kariakoo neno moja linatosha: "Mwizi!" au "Mchawi!" Umati hujaa kabla hata swali moja halijaulizwa.

Mwinjili Luka anasimulia kwamba mitume walipomwona Bwana mfufuka, walidhani ni roho. Yesu aliwaonyesha mikono na miguu yake, akala samaki mbele yao. Hakutaka waamini kwa hofu; aliwataka wachunguze.

Basi wiki hii ukipokea ujumbe wa kutisha kwenye simu, usiusambaze kabla ya kuuhakiki. Na ukikuta mtu amezingirwa mtaani, usiokote jiwe. Waite polisi, uwasihi watu watulie. Huenda aliyezingirwa ni mgonjwa tu, na ana mama anayemsubiri nyumbani.